Valvu inavuja kushoto, anayechoka yuko kulia

*Wagonjwa wengi wenye valvu mbovu za moyo husomewa nguvu ya upande mmoja tu. Upande wa pili ndio mara nyingi huamua kama upasuaji utawaponya au umeshachelewa.*

"Nusa, mwanangu. Mara moja tu, kwa nguvu."

Mwanamke wa miaka ishirini na kitu amelala chali kwenye kitanda cha chumba cha eko, kipimo cha moyo kinachotumia mawimbi ya sauti. Mito miwili imewekwa mgongoni, maana akilala bapa pumzi inamkata. Mtaalamu, mama wa makamo, amekandamiza kichwa cha mashine kwenye chembe cha moyo, pale mbavu zinapokutana. Macho yake hayatoki kwenye skrini.

Mgonjwa ananusa. Kwenye skrini kuna mfereji mweusi: ndio mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni kutoka miguuni na tumboni. Mtu mwenye moyo mzima akinusa, mfereji huo hunywea ghafla, kama mrija wa soda unaofyonzwa huku ncha ya pili imezibwa. Huu haunywei. Una upana wa sentimita tatu, na umebaki hivyo hivyo.

"Tena, mama yangu."

Ananusa tena. Hakuna kilichobadilika.

Ndugu aliyemsindikiza ameshika bahasha ya kaki yenye majibu ya kipimo cha miezi kadhaa nyuma. Yanasema valvu ya kushoto inavuja sana, na kwamba nguvu ya moyo ni asilimia 62. Nyumbani waliisoma namba hiyo kama habari njema. Katika mtihani wowote, 62 ni kufaulu. Lakini miguu imeendelea kuvimba, tumbo limejaa maji, na sketi aliyokuwa akiivaa mwaka jana haifungi tena.

Namba ile haikuwa ya uongo. Ilikuwa ya upande wa kushoto peke yake. Kuhusu upande wa kulia, ripoti ilikuwa kimya.

Picha hii si ya mtu mmoja wala hospitali moja. Hujirudia katika kliniki za moyo za Afrika Mashariki, na ndiyo iliyozaa swali la makala haya: kwa nini upande wa kulia wa moyo husahaulika, hali ndio unaobeba mzigo wa valvu mbovu za kushoto?

Moyo mmoja, pampu mbili

Moyo una vyumba vinne, viwili kulia na viwili kushoto. Upande wa kulia hupokea damu iliyokwisha kutumika na kuisukuma kwenye mapafu ikachukue hewa safi. Upande wa kushoto huipokea kutoka mapafuni na kuisambaza mwilini. Valvu nne husimama kama milango inayofunguka upande mmoja. Mlango usipofunga sawasawa, damu hurudi ilikotoka. Hiyo ndiyo valvu inayovuja.

Pampu hizi mbili husukuma kiasi kilekile cha damu, karibu lita 5 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Hakuna iliyopewa kazi ndogo. Tofauti ni shinikizo. Pampu ya kushoto husukuma kwa milimita 120 za zebaki, ile namba ya juu tunayosomewa tukipimwa presha mkononi. Ya kulia hutumia kama 25 tu, kwa sababu mishipa ya mapafu yenye afya ni laini na huipokea damu bila ubishi.

Kwa hiyo kila pampu imejengwa kulingana na kazi yake. Ukuta wa chumba cha chini cha kushoto ni mnene. Wa kulia ni mwembamba, haufiki milimita 5. Na maumbo hayafanani: chumba cha kushoto ukikikata katikati ni duara, cha kulia ni mwezi mwandamo uliolikumbatia duara hilo. Duara hupimika kirahisi. Mwezi mwandamo wenye kona, mikunjo na misuli iliyofumana ndani yake haukubali hesabu moja, na hapo ndipo ugumu wote unapoanzia.

Upande wa kulia umedharauliwa kwa muda mrefu. Katika karne ya 13 tabibu Ibn al-Nafis, aliyezaliwa pande za Damascus na kufanya kazi Cairo, alieleza kwamba damu haivuki kutoka kulia kwenda kushoto kupitia matundu kwenye ukuta wa moyo kama walivyoamini waliomtangulia, bali hupita mapafuni. Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey akaeleza mzunguko mzima wa damu. Hata hivyo mwaka 1943 watafiti wa Marekani waliunguza ukuta wa chumba cha kulia cha mioyo ya mbwa, wakaona shinikizo la mishipani halikupanda sana. Kwa miaka mingi baada ya hapo madaktari wengi walikiona chumba hicho kama bomba la kupitishia damu, kisichostahili kuangaliwa kwa makini.

Kosa la hitimisho hilo ni kwamba mbwa wale walikuwa na mapafu mazima na valvu nzima. Mgonjwa wa valvu hana bahati hiyo.

> Pampu mbili husukuma kiasi kilekile cha damu. Moja ilijengwa kwa shinikizo la 120, nyingine kwa 25.

Mzigo unavyohama

Valvu ya mitrali, iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto, ikivuja au ikiwa nyembamba, damu hurundikana nyuma yake. Chumba cha juu hutanuka. Mrundikano hurudi mapafuni, na mgonjwa huanza kuhema akipanda ngazi, kisha akitandika kitanda, kisha akiwa amekaa. Wengine hukohoa damu na kuanzishiwa matibabu ya kifua kikuu ambacho hawana.

Mapafu yakijaa, mishipa yake hukaza na kuwa migumu. Sasa pampu ya kulia, iliyozoea kusukuma kwa 25, inatakiwa kusukuma kwa 50, kwa 60, hata kwa 80. Mwanzoni hukaza msuli na kuvumilia. Uvumilivu ukiisha, hutanuka. Ikitanuka, pete inayoshikilia valvu ya trikaspidi, mlango kati ya vyumba vya kulia, hutanuka pia, na vipande vya valvu ambavyo huenda ni vizima kabisa vinashindwa kukutana katikati. Valvu ya pili imeanza kuvuja. Damu inayorudi inazidi kukijaza chumba, chumba kinazidi kutanuka, pete inazidi kupanuka.

Hapo ndipo miguu huvimba, mishipa ya shingo husimama, ini hujaa damu na kuuma chini ya mbavu za kulia, na tumbo hujaa maji. Katika mikoa inayozunguka Ziwa Victoria tumbo la namna hiyo mara nyingi hudhaniwa kuwa kichocho. Kwingine husemwa ni ini, au figo, au mkono wa mtu. Wachache humtazama mgonjwa shingoni.

Upo pia ugonjwa mwingine unaojulikana zaidi upande huu wa Afrika kuliko katika vitabu vya Ulaya. Mwaka 1948 daktari Jack Davies, akifanya kazi Mulago, Kampala, alieleza kovu linaloota ndani ya vyumba vya moyo na kuziba ncha yake. Likikamata upande wa kulia, chumba cha chini husinyaa, cha juu huvimba kupita kiasi, na valvu ya trikaspidi huvuja wazi. Utafiti wa Ana Olga Mocumbi na wenzake katika wilaya ya Inharrime, Msumbiji, uliochapishwa mwaka 2008, uliwapima kwa eko watu 1,063 na kuwakuta watu 211, karibu mmoja kati ya watano, wakiwa na dalili za kovu hilo.

Ulianza na koo

Lakini chanzo kikubwa cha valvu mbovu kwa vijana wa ukanda huu ni mafindofindo ya utotoni. Bakteria aina ya streptokokasi hushambulia koo. Kinga ya mwili inapopambana nao, kwa baadhi ya watoto huzishambulia pia valvu za moyo. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki. Mtoto hupona homa, hurudi shule, na valvu huendelea kuharibika kimya kimya. Kwa wasichana wengi ugonjwa hujitokeza katika ujauzito wa kwanza, kwa sababu damu ya mama mjamzito huongezeka karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, na valvu iliyokuwa ikijikongoja haiwezi tena.

Utafiti wa REMEDY, ulioongozwa na hayati Profesa Bongani Mayosi wa Afrika Kusini, uliandikisha wagonjwa 3,343 kati ya mwaka 2010 na 2012 katika hospitali 25 za nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemen. Kenya, Uganda na Rwanda zilishiriki. Nusu ya wagonjwa walikuwa na umri usiozidi miaka 28. Wawili kati ya kila watatu walikuwa wanawake. Ndani ya miaka miwili, asilimia 16.9 walikuwa wamekufa, na nusu ya waliokufa hawakufika miaka 29.

Umri huo ndio wa kumaliza chuo, kuolewa, kulea mtoto wa kwanza. Mtu akikumbuka hivyo, mjadala wa milimita na zebaki unaofuata hauwi tena wa wataalamu peke yao.

Hesabu ya kwenye skrini

Kipimo cha eko kina historia ya kusisimua. Mwaka 1953 huko Lund, Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walichukua teknolojia ya mawimbi ya sauti iliyokuwa ikitafuta nyufa kwenye vyuma vya viwanda vya meli, wakaielekeza kwenye kifua cha binadamu. Walichokuwa wakikitafuta kilikuwa hasa valvu ya mitrali. Tangu siku ya kwanza, eko ilikuwa chombo cha upande wa kushoto.

Turudi kwenye kitanda cha yule mgonjwa. Mtaalamu amemgeuza alalie ubavu wa kushoto na kuhamishia kichwa cha mashine chini ya titi. Vyumba vinne vimejitokeza. Cha chini kulia, ambacho kwa kawaida ni kidogo kuliko jirani yake, hapa kimemzidi. Mtaalamu anaweka alama kwenye pete ya trikaspidi na kuangalia inavyoshuka kuelekea ncha ya moyo kila pigo, kama pistoni ya pampu ya baiskeli. Mwendo huo huitwa TAPSE. Kwa moyo mzima ni milimita 17 au zaidi. Hapa ni 15.

Kisha anafungua rangi. Damu inayorudi kinyume inawaka kama mwali. Anaipima kasi: mita 4 kwa sekunde. Hesabu inayofuata inaweza kufanywa kwa kalamu nyuma ya bahasha. Kasi huzidishwa kwa yenyewe, kisha mara nne: 4 mara 4 ni 16, mara nne tena ni 64. Hapo huongezwa shinikizo la chumba cha juu cha kulia, linalokadiriwa kwa ule mshipa wa kunusa. Ukiwa mwembamba na unaonywea, huongezwa 3. Ukiwa mpana usionywea, huongezwa 15. Jumla ni 79. Pampu iliyojengwa kwa 25 inasukuma kwa 79.

Vipimo hivi viwili vikiwekwa pamoja huongea zaidi. Mwaka 2013 Marco Guazzi wa Italia na wenzake walipendekeza kugawanya mwendo wa pete kwa shinikizo la mapafu, ili kuona kama msuli unaendana na mzigo wake. Katika wagonjwa wao wa moyo kushindwa kazi, waliokuwa chini ya 0.36 walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Kwa mgonjwa wetu, 15 kugawanya kwa 79 ni 0.19.

> 15 kugawanya kwa 79. Hesabu ya darasa la tano, yenye habari ambayo "asilimia 62" haikuisema.

Wenye kupenda TAPSE wana hoja nzito. Huchukua nusu dakika, hakihitaji mashine ya bei mbaya, na watu wawili wakikipima hupata majibu yanayokaribiana. Kwa hospitali ya mkoa yenye foleni ya wagonjwa arobaini, hiyo si faida ndogo.

Wanaokitilia shaka nao hawabahatishi. TAPSE hupima nukta moja ya ukuta mmoja, ikipanda na kushuka. Mengine yote ya chumba hayaangalii. Mshale wa kipimo ukikaa upande, namba hushuka bila ugonjwa kuongezeka. Mgonjwa akishafunguliwa kifua, TAPSE hupungua hata kama chumba kwa jumla kinafanya kazi vilevile, kwa hiyo anayelinganisha kabla na baada anaweza kumtia mgonjwa hofu bure.

Mtego mkubwa kuliko yote ni ule wa trikaspidi yenyewe. Chumba chenye mlango wazi nyuma yake hujimwaga kirahisi, kwa sababu sehemu ya damu inarudi kwenye chumba cha juu kisicho na shinikizo kubwa. Ni kama kumtazama mtu anasukuma mkokoteni mtupu na kusema ana nguvu. Ukiuziba mlango huo, mzigo wote unarudi kwenye mkokoteni, na ndipo udhaifu unaonekana, mgonjwa akiwa ameshafunguliwa kifua.

Mtego mwingine ni wa shinikizo. Msuli ukichoka kabisa, hauna tena nguvu ya kurusha damu kwa kasi, kwa hiyo namba ya shinikizo hushuka. Mgonjwa aliyekuwa na 79 akirudi baada ya mwaka na 50, familia hushangilia. Namba ikishuka huku tumbo likizidi kujaa, si habari njema.

Ndiyo maana miongozo ya vyama vya wataalamu wa eko vya Marekani na Ulaya hutaka vipimo kadhaa visomwe pamoja: ukubwa wa chumba, TAPSE, kasi ya pete, mabadiliko ya eneo la chumba kinapojibana, ambayo yanapaswa kuwa angalau asilimia 35, na siku hizi mnyumbuko wa ukuta wa nje unaosomwa na kompyuta. MRI ndiyo inayoaminika kuliko zote kwa ujazo wa chumba cha kulia. Lakini mgonjwa hulala bapa ndani ya mashine karibu saa nzima, akizuia pumzi mara kwa mara. Yule aliyewekewa mito miwili hawezi.

Iguswe au iachwe?

Tuseme sasa mgonjwa amefika kwenye meza ya upasuaji ili valvu ya mitrali irekebishwe au ibadilishwe. Trikaspidi inavuja pia. Je, daktari aiguse?

Mwaka 1967 Nina Braunwald na wenzake wa Marekani waliandika kwamba katika wagonjwa wengi inaweza kuachwa: ondoa tatizo la kushoto, shinikizo la mapafu litashuka, na valvu ya kulia itarudi kufunga yenyewe. Bi Braunwald hakuwa mtu wa kubeza. Mwaka 1960 aliongoza upasuaji wa kwanza uliofanikiwa wa kuweka valvu bandia ya mitrali, valvu aliyoibuni mwenyewe. Maoni yake yaliongoza vyumba vya upasuaji kwa miongo kadhaa.

Kisha wakaanza kurudi wagonjwa ambao valvu ya kushoto ilikuwa nzima lakini miguu na tumbo vimejaa maji. Kwao pete haikurudi. Mwaka 2005 Gilles Dreyfus na wenzake walitoa hoja tofauti: usiangalie uvujaji, unaobadilika kulingana na maji mwilini na dawa za usingizi, angalia pete. Ikiwa imetanuka, ikazwe hata kama leo valvu haivuji sana. Miongozo ya leo inafuata fikra hiyo kwa sehemu: pete ya milimita 40 au zaidi ni sababu ya kuirekebisha wakati wa upasuaji wa upande wa kushoto.

Jaribio kubwa lililotangazwa Novemba 2021, likiongozwa na James Gammie, liliwagawa kwa kura wagonjwa 401 wa Marekani, Kanada na Ujerumani. Waliorekebishwa trikaspidi pamoja na mitrali walipata matokeo mabaya ya aina zilizohesabiwa kwa asilimia 3.9 katika miaka miwili. Walioachwa, asilimia 10.2. Bei yake ilikuwa kubwa: asilimia 14.1 ya waliorekebishwa walihitaji kifaa cha umeme cha kuongoza mapigo, dhidi ya asilimia 2.5, kwa sababu nyaya za asili za umeme wa moyo hupita jirani kabisa na pete hiyo.

Asilimia 14 huko Marekani ni usumbufu unaotibika. Kwa msichana wa Kigoma au Turkana, kifaa cha betri kinachohitaji kukaguliwa na kubadilishwa maisha yote ni jambo lingine kabisa. Zaidi ya hayo, wagonjwa wa jaribio lile walikuwa na mitrali iliyochakaa, si iliyoharibiwa na rumatiki. Rumatiki huweza kuishambulia trikaspidi yenyewe, na mapafu ya wagonjwa wetu huwa yamebeba shinikizo kwa miaka kabla hawajafika kwa daktari wa upasuaji. Kuchukua jibu la kule na kulibandika hapa bila kupima upande wa kulia wa kila mgonjwa ni kubahatisha uhai wa mtu.

Klipu na valvu zinazopitishwa kwenye mshipa wa paja bila kufungua kifua nazo zimeingia. Jaribio la TRILUMINATE la mwaka 2023, lenye wagonjwa 350, lilionyesha klipu ya trikaspidi inaboresha maisha ya kila siku, ingawa katika mwaka wa kwanza haikupunguza vifo. Kwa bei zake za sasa, hilo bado si jibu la hospitali zetu nyingi.

Hofu ya kuwahi, gharama ya kuchelewa

Madaktari wanaosita kumpeleka kijana kwenye upasuaji mapema hawafanyi hivyo kwa uzembe. Valvu bandia ya chuma hudumu, lakini humfunga mgonjwa na dawa ya warfarini maisha yote. Dawa hiyo hutaka damu ipimwe mara kwa mara. Ikizidi, mtu huvuja damu, ikipungua, damu huganda kwenye valvu. Katika ujauzito huweza kumdhuru mtoto. Jaribio la INVICTUS, lililochapishwa mwaka 2022, lilitarajiwa kuleta nafuu kwa kutumia kidonge kisichohitaji vipimo vya kila mara. Kwa wagonjwa 4,565 wa rumatiki wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, dawa za zamani za kundi la warfarini zilishinda: waliozitumia walikufa wachache zaidi. Valvu ya tishu haihitaji warfarini ya kudumu, lakini kwa vijana huchakaa mapema, na upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza.

Basi mgonjwa husubiri. Hupewa dawa za kutoa maji, miguu hupungua, hurudi nyumbani. Kila mzunguko wa namna hiyo humpa nafuu, na kila mzunguko upande wa kulia hupoteza nguvu kidogo. Shinikizo la mapafu likikaa juu kwa muda mrefu, mishipa yake huwa minene na shinikizo halishuki lote hata valvu ikirekebishwa. Akifika siku ya upasuaji, swali la timu linakuwa kama moyo wa kulia utaweza kutoka kwenye mashine inayofanya kazi badala ya moyo wakati wa upasuaji. Valvu yenyewe imekuwa sehemu rahisi.

Kwa maoni ya mwandishi, hapa ndipo kosa kubwa lilipo. Dalili za upande wa kulia zimekuwa zikisomwa kama sababu ya kuongeza vidonge, wakati zilipaswa kusomwa kama kengele ya kumwita daktari wa upasuaji. Na kengele hiyo hulia mapema kwenye eko, kabla miguu haijavimba, kama kuna aliyeitega.

> Tumbo likijaa maji, kengele imeshalia muda mrefu.

Kinachowezekana kwa vifaa vilivyopo

Ukanda huu haupo pale ulipokuwa. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2008, na mwaka 2015 ikazaliwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Kampala ipo Taasisi ya Moyo ya Uganda. Kenya na Rwanda nazo hufanya upasuaji wa valvu. Mgonjwa ambaye zamani njia yake pekee ilikuwa ndege ya kwenda India sasa anaweza kupelekwa kwa basi. Kinachomchelewesha mara nyingi ni karatasi ya rufaa isiyoonyesha uharaka wake.

Karatasi hiyo inaweza kuboreshwa bila kununua mashine mpya. Ripoti yoyote ya eko ya mgonjwa wa valvu ingeweza kubeba mistari mitano zaidi: ukubwa wa chumba cha chini cha kulia, TAPSE, shinikizo la mapafu, upana wa pete ya trikaspidi na kiwango cha uvujaji wake, na hali ya mshipa wa kunusa. Mashine za kawaida zilizopo katika hospitali za mikoa hupima vyote hivyo. Mtaalamu aliyevizoea hutumia dakika chache.

Na pasipo na mashine, jicho lipo. Mgonjwa akiegemezwa nusu wima, mwanga ukipigwa ubavuni mwa shingo, mshipa uliojaa unaonekana ukidunda hadi karibu na sikio. Ukikandamiza tumbo taratibu upande wa ini nao ukapanda na kubaki juu, upande wa kulia umeelemewa. Tabibu wa kituo cha afya anaweza kufanya hivyo bila senti moja, na kuandika alichokiona kwenye rufaa.

Chini ya yote haya kuna penisilini. Katika utafiti uliofanyika kaskazini mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2021, watoto na vijana 818 waliogunduliwa kwa eko kuwa na dalili za mwanzo za rumatiki, kabla hawajaumwa, waligawanywa: wengine wakachomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, wengine wakafuatiliwa tu. Ugonjwa ulisonga mbele kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa na asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Mei 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zikabiliane na homa ya rumatiki. Valvu isiyoharibika haina cha kuuchosha upande wa kulia.

Kwa yule ambaye valvu yake imeshaharibika, na kwa ndugu anayemsindikiza, ombi ni hili. Mkitoka kwenye chumba cha eko, ifungueni ile bahasha kabla hamjaondoka hospitalini. Mkiona asilimia ya nguvu ya moyo peke yake, rudini mlangoni mkaulize kwa heshima: upande wa kulia ukoje, shinikizo la mapafu ni ngapi, trikaspidi inavuja kiasi gani? Majibu hayo yaandikwe kwenye ripoti, yawekwe tarehe, na nakala ya zamani itunzwe ili ilinganishwe na mpya. Atakayeihitaji zaidi ni daktari wa upasuaji.